Swali la Soko Halijibiwi: Upotofu wa Hoja katika Tamthilia ya Kigogo

Utangulizi

Miaka ambayo Kigogo ya Pauline Kea ilikuwa ikitahiniwa, nilikuwa nikisahihisha insha za fasihi za Kidato cha Tatu hapa Isiolo. Msichana mmoja aliandika kwamba Ashua, mkewe Sudi, hafai kuitwa mwenye tamaa kwa sababu tu ya kudai talaka, kwa kuwa njaa ya watoto ni sababu inayostahili kusikilizwa. Niliikata hoja hiyo kwa kalamu nyekundu. Alipoletewa daftari lake alikuja hadi mezani pangu, akauliza kwa adabu: "Mwalimu, hoja yangu ina kosa gani?" Mbele yangu palikuwa na rundo la madaftari na kengele ya chakula cha mchana ilikuwa imekwisha kulia. Nikamjibu, "Mwongozo hausemi hivyo." Akasema, "Asante, Mwalimu," akaenda zake.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nikifundisha mjadala, na katika somo hilo nikagusia hoja potofu. Niliwaomba wanafunzi watoe mifano kutokana na maisha ya kila siku. Msichana yule yule aliinua mkono, akasema: "Ni kama mtu aulizwe hoja ina kosa gani, naye ajibu kwamba kitabu fulani hakikusema hivyo." Hakunitaja jina. Wenzake waliandika mfano huo wakaendelea na somo. Mimi ndiye niliyejua ulikotoka.

Makala haya yametokana na swali lile. Yanakusudia mambo mawili. Kwanza, kuonyesha kwamba Kigogo, ambayo wengi wetu tumeifundisha kama tamthilia ya uongozi mbaya, inaweza kusomwa pia kama tamthilia ya swali moja ambalo halipati jibu. Pili, kumkumbusha mwalimu na mtahiniwa kwamba kuzitambua hoja potofu za wahusika hakutoshi iwapo sisi wenyewe tunahakiki kwa hoja za aina hiyo hiyo. Kigogo iliondoka katika orodha ya vitabu teule baada ya mtihani wa 2022, lakini ujuzi unaozungumziwa hapa hauhami na orodha. Kitabu chochote chenye mtawala na raia, au mume na mke, kitauhitaji.

Hoja potofu ni nini?

Mantiki hutofautisha makosa ya aina mbili. Kuna kosa la umbo, ambapo hatua za hoja zenyewe hazishikani. Tuseme mtu anadai: ngamia wote hunywa maji, mnyama huyu anakunywa maji, kwa hivyo mnyama huyu ni ngamia. Mtoto yeyote wa wafugaji atacheka, kwani mbuzi naye hunywa maji. Hapa hatuhitaji kujua lolote kuhusu mnyama mwenyewe ili tulione kosa. Umbo la hoja limekwisha kujifichua.

Kuna pia kosa la maudhui. Hapa sentensi zinaweza kuwa za kweli na msemaji akawa fasaha, lakini alichokisema hakihusiani na jambo linalojadiliwa. Twende katika soko la mifugo. Mnunuzi anauliza, "Mbuzi huyu ana umri gani?" Dalali anajibu, "Mzee, mimi na wewe si watu wa juzi. Hata marehemu baba yako nilimjua." Huenda ni kweli alimjua. Lakini umri wa mbuzi haujulikani kwa ujirani. Hujulikana kwa kufunua mdomo wa mbuzi na kutazama meno. Dalali hakusema uongo. Amejibu swali ambalo halikuulizwa.

Makosa haya ya aina ya pili ndiyo yanayomhusu zaidi mhakiki wa fasihi. Wataalamu wameyashughulikia tangu kale. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 K.K., aliorodhesha aina 13 za hoja za kupotosha. John Locke, Mwingereza wa karne ya 17, naye alieleza namna watu wanavyonyamazishana katika mabishano pasipo kuthibitisha kitu. Mtahiniwa hana haja ya kukariri orodha hizo. Anachohitaji ni maswali matatu:

(i) Swali lililopo ni lipi?
(ii) Msemaji ametoa nini kama jibu?
(iii) Tukikubali kwamba alichosema ni kweli, je, swali limepata mwanga wowote?

Swali la tatu ndilo kipimo chenyewe. Mwanafunzi aseme moyoni: "Haya, tuseme ni kweli. Halafu?" Akiona kwamba swali liko palepale lilipokuwa, basi amekutana na hoja isiyohusika, hata kama msemaji alipigiwa makofi.

Swali la soko na majibu yake

Katika jimbo la Sagamoyo, Soko la Chapakazi limefungwa. Hapo ndipo wachuuzi na mafundi walipopatia riziki, na Majoka anakusudia kujenga hoteli ya kifahari mahali hapo. Tunu na Sudi wanaongoza raia kudai soko lifunguliwe. Swali linalobeba tamthilia nzima basi ni hili: kwa nini soko limefungwa, na kwa haki gani? Tukilifuata swali hili kutoka onyesho moja hadi jingine tutaona kwamba utawala wa Majoka unalijibu mara nyingi, lakini hakuna jibu hata moja linalolihusu.

(a) Jibu la tumbo. Kenga, mshauri wa Majoka, anawaletea wachongaji keki ya uhuru na kumtaka Sudi achonge kinyago cha shujaa kwa ajili ya sherehe, huku akimdokezea manufaa atakayoyapata. Tukitumia kipimo chetu: tuseme ni kweli keki ni tamu na malipo ni mazuri. Halafu? Soko bado limefungwa, na ushujaa wa anayetakiwa kuchongwa haujathibitishwa. Zawadi inaweza kuwa sababu ya mtu kutenda jambo, lakini haiwezi kuwa sababu ya jambo kuwa kweli. Sudi anaitambua tofauti hii, na ndiyo maana keki anaiona kuwa makombo tu. Watahiniwa wengi huandika hapa kwamba Sudi "ana msimamo thabiti," nao hawakosei. Hata hivyo msimamo wake una kiini: amekataa kuchukua chakula kuwa hoja.

(b) Jibu la sherehe. Sagamoyo inaadhimisha miaka 60 ya uhuru. Nyimbo za kumsifu kiongozi zinapigwa, na raia wanatakiwa kufurahi. Hii ndiyo mbinu ya kugeuza mada. Anayeuliza habari za soko anaonekana kuwa mtu asiyeipenda nchi yake, ilhali mtu anaweza kuupenda uhuru na bado akataka mahali pa kuuzia nyanya. Maswali mawili yamechanganywa ili moja limeze jingine. Mwalimu awatahadharishe wanafunzi kuwa mbinu hii ni ngumu kuitambua kuliko vitisho, kwa sababu inakuja kwa sura ya furaha.

(c) Jibu la jinsia. Tunu anapokwenda Mangweni, kwenye ulevi wa Mamapima, kuwahimiza watu wajiunge na harakati, haulizwi ushahidi wake ni upi. Anabezwa na walevi, Ngurumo akiwa mstari wa mbele, kwa kuwa yeye ni mwanamke anayetaka kuongoza. Hii ndiyo hoja ya kumshambulia msemaji. Tuseme ni kweli Tunu ni mwanamke, na hilo hakuna anayelipinga. Halafu? Je, soko limefunguka? Tujiulize pia kwa nini mwandishi amekiweka kisa hiki ulevini. Pombe ile haramu inauzwa bila kificho wakati soko halali limefungwa, na wanaomcheka Tunu ni watu walewale ambao soko lingewafaa. Kejeli imewafanya wamshambulie mtu anayewatetea. Ngurumo mwenyewe hatimaye anauawa na utawala uleule aliokuwa akijistarehesha chini yake.

(d) Jibu la fimbo. Ashua anapogombana na Husda ofisini mwa Majoka, anatiwa kizuizini, na kizuizi hicho kinageuzwa kuwa shinikizo kwa Sudi: achonge kinyago, mkewe aachiliwe. Hapa hoja zote nyingine zimekwisha na imebaki nguvu tupu. Tuseme ni kweli Ashua atateseka Sudi asipochonga. Halafu? Mateso ya Ashua hayathibitishi ushujaa wa mtu yeyote. Yanathibitisha jambo moja tu, kwamba Majoka anaweza kuumiza. Vivyo hivyo wahuni wanapomvamia Tunu na kumuumiza mguu, swali lake halivunjiki pamoja na mguu huo.

Ni muhimu mtahiniwa atambue mpangilio wa majibu haya. Mtawala hakuanza na fimbo. Alianza na keki, kisha sherehe. Kejeli ikamsaidia hata pasipo yeye kuiagiza. Fimbo ikaja wakati vitu vitamu vilipokataliwa. Mwishoni mwa tamthilia, Kingi, mkuu wa polisi, anakataa kuwapiga raia risasi. Katika tukio hilo tunaona udhaifu wa hoja ya fimbo: inategemea mkono wa mtu mwingine. Mkono huo ukisita, Majoka hana neno la kuwaambia watu waliosimama mbele ya soko, kwa maana tangu mwanzo hakuwa na sababu aliyoweza kuwapa.

Walio upande wetu nao wapimwe

Kufikia hapo wanafunzi hufurahi, kwa kuwa ni rahisi kuzitambua hoja potofu za mtu unayemchukia. Mhakiki mwadilifu huenda hatua moja zaidi, akawapima pia wahusika anaowapenda, na akawatendea haki wale asiowapenda.

Tuanze na Boza. Boza yuko karibu na utawala, na Asiya mkewe, ambaye ndiye Mamapima, amepata kandarasi ya kuoka keki ya uhuru. Mwanafunzi ataandika: "Boza anasema uongo kwa sababu mkewe ananufaika." Hilo ni kosa. Manufaa ya Asiya hayalifanyi neno la Boza kuwa uongo, kama vile umaskini wa Sudi haulifanyi neno lake kuwa kweli. Manufaa hayo yanatupa sababu ya kulichunguza neno la Boza kwa makini zaidi, basi. Mtahiniwa anayesema, "Tunapaswa kuyatilia shaka maneno ya Boza kwa kuwa ananufaika, na tunapoyachunguza tunaona kwamba hayaelezi kwa nini soko limefungwa," atakuwa amehakiki. Anayeishia kwenye manufaa atakuwa amemtukana Boza tu.

Tutambue pia kwamba si kila kumzungumzia msemaji ni upotofu. Shahidi akisema, "Niliona kwa macho yangu," basi macho yake, mahali aliposimama na uaminifu wake vinahusika, kwa kuwa ametuomba tumwamini yeye. Lakini akisema, "Mbili na mbili ni nne," hata akiwa mwizi wa ng'ombe hesabu yake ni sahihi.

Tumrudie sasa Ashua. Je, anapotaja dhiki za watoto wake anatumia hoja potofu ya kuomba huruma? Orodha zilizokaririwa zitatufanya tukimbilie kusema ndiyo. Kipimo chetu kitatuzuia. Yapo maswali mawili tofauti. La kwanza: je, mtu ambaye Majoka anataka achongwe ni shujaa wa kweli? Kwa swali hili njaa ya watoto haihusiki. Mtu hawi shujaa kwa sababu mtoto wa mchongaji hajala. La pili: je, Sudi ana wajibu gani kwa mkewe na watoto wake? Kwa swali hili njaa ya watoto inahusika kabisa, pengine kuliko jambo lolote jingine. Neno lilelile, "watoto wana njaa," ni upotofu kwa swali la kwanza na ni hoja nzito kwa swali la pili. Anachofanya Majoka ni kuyaunganisha maswali hayo kwa nguvu, ili Sudi asiweze kulijibu la pili bila kusema uongo katika la kwanza. Ukatili wa Majoka umo hapo, na uchungu wa Ashua haupaswi kuhesabiwa kuwa tamaa.

Kumbe msichana wangu wa Kidato cha Tatu alikuwa amelikaribia jambo ambalo mimi mwalimu wake sikuwa nimeliona.

Anayejibu kweli hujibu vipi?

Haifai kumfundisha mwanafunzi makosa pasipo kumwonyesha hoja njema. Mfano mzuri uko katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, wakati Tanganyika ikiwa chini ya Uingereza. Riwaya hiyo imejengwa juu ya kesi. Karama ameshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kufundisha elimu ya sheria, jambo linaloonwa kuwa hatari kwa nchi. Angeweza kujibu kwa kulia, au kwa kumtusi mshtaki wake, kwani jina la Majivuno pekee lingetosha kuwa silaha.

Hakufanya hivyo. Kwa siku sita anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali kwa manufaa ya Kusadikika na waliporudi wakaadhibiwa badala ya kusikilizwa. Tazama ujenzi wa utetezi wake. Anachotaka kukithibitisha ni kwamba nchi isiyo na watetezi wa sheria huwaumiza watu wema wake. Kila kisa kinahusiana na jambo hilo. Wala hakutegemea kisa kimoja, kwani kisa kimoja kingeitwa bahati mbaya. Ametoa sita, kila kimoja na mjumbe wake, safari yake na adhabu yake. Mtahiniwa anayeandika juu ya usimulizi katika riwaya hiyo akumbuke kwamba hadithi hizo zinatolewa kama ushahidi mbele ya baraza.

Tukiwaweka Karama na Majoka bega kwa bega, tofauti inajitokeza. Karama hana mamlaka, kwa hivyo analazimika kutoa sababu. Majoka ana mamlaka, kwa hivyo anaona sababu si lazima. Ni tofauti inayoonekana katika kazi nyingi za fasihi yetu, ikiwemo Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, ambapo Mwelusi anayedai haki ya watu wa Butangi anajibiwa na utawala wa Bokono kwa kifungo na hatimaye kwa kifo. Huko nako swali ni la maji ya kisima, na kifo si jibu la swali la maji.

Methali si hakimu

Kuna mahali ambapo walimu wa Kiswahili tunapaswa kuwa waangalifu zaidi, napo ni katika methali. Tunawafundisha wanafunzi kuzipamba insha kwa methali, na tunawapa alama kwa hilo. Lakini methali ikitumiwa kufunga mjadala huwa upotofu wenye mavazi mazuri. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" ni wosia mwema kwa kijana anayekataa kila shauri. Lakini mbele ya swali la soko, inakuwa hoja ya mamlaka iliyochanganyika na ya fimbo. "Wengi wape" hufaa pale panapohitajika kura; haiwezi kutuambia iwapo jambo ni kweli. Wahenga wenyewe walilijua hilo, ndiyo maana waliacha pia "Wingi si hoja."

Kwa kuwa methali nyingi zina nyingine zinazozipinga, methali haiwezi kuwa ushahidi yenyewe peke yake. Anayeitumia ana deni la kuonyesha kwamba hali iliyopo inafanana na ile iliyoizaa methali. Deni hilo likilipwa, methali inaimarisha hoja. Lisipolipwa, inaziba pengo la hoja. Hali kadhalika katika kufundisha ulumbi na malumbano ya utani, tuwaulize wanafunzi: mlumbi huyu amewashawishi watu kwa sababu, au kwa mdundo wa maneno tu?

Mjadala darasani Isiolo

Darasa la Isiolo lina watoto wa Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wasomali, Wameru na wengine. Hiyo ni neema kwa mwalimu wa lugha, lakini pia ni mtihani. Katika mijadala yetu kuna upotofu mmoja unaorudi mara kwa mara: hoja inapokosa nguvu, mzungumzaji huulizwa ni wa wapi. Tumewahi kujadili iwapo mifugo ni mali bora kuliko elimu. Mvulana mmoja aliuliza familia itategemea nini ukame unapomaliza mifugo yote. Lilikuwa swali zuri. Jibu alilopata lilikuwa: "Nyinyi mtajuaje, nyinyi si wafugaji." Darasa lilicheka. Nami niliyekuwa mwenyekiti nilitabasamu, nikamwachia msemaji anayefuata. Swali la ukame halikujibiwa siku hiyo.

Leo watahiniwa wanasoma Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Katika nchi ya Matuo, chini ya Mtemi Lesulia, suala la nani anafaa kuongoza linajibiwa kwa ukoo: huyu ni wa Wakule, yule ni wa Waketwa. Tutumie kipimo chetu. Tuseme ni kweli Lonare ni wa Waketwa. Halafu? Tumejua nini juu ya uwezo wake, uadilifu wake, au mipango yake? Hatujajua kitu. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza "halafu?" katika Sagamoyo atauliza vilevile katika Matuo. Natumaini pia ataiuliza atakapokuwa na kura mkononi, au atakapoketi katika kikao cha wazee kuamua habari za malisho na maji. Upotofu ukiachwa katika daftari hugharimu alama mbili. Ukiachwa katika kikao cha maji waweza kugharimu uhai.

Kwa mtahiniwa

Tuchukue swali la mfano: "Utawala wa Sagamoyo hukwepa maswali ya raia badala ya kuyajibu. Thibitisha. (alama 20)"

Jibu dhaifu: "Majoka ni katili. Anamfunga Ashua."

Jibu hili limetaja sifa na tukio, lakini halijashughulikia neno "hukwepa." Ni orodha ya makosa ya Majoka ambayo ingeweza kunakiliwa chini ya swali lolote.

Jibu lenye nguvu: "Majoka anatumia vitisho mahali pa sababu. Jambo linalobishaniwa ni iwapo anayetakiwa kuchongwa anastahili heshima hiyo. Badala ya kutaja matendo yake ya kishujaa, Majoka anamweka Ashua kizuizini na kumtaka Sudi achonge ili mkewe aachiliwe. Kizuizi hicho hakithibitishi ushujaa wa mtu yeyote. Kinaonyesha tu kwamba Sudi anaweza kuumizwa. Swali limekwepwa."

Jibu hili limetaja swali, likaonyesha kilichotolewa badala ya jibu, likaeleza kwa nini hakihusiki, likarudi kwenye neno la mtahini. Sentensi sita zinatosha. Mtahiniwa akiwa na hoja kumi zilizojengwa hivyo, hana haja ya kuhofia kwamba maneno yake hayafanani na ya mwongozo.

Hitimisho

Miongozo ina nafasi yake. Imewasaidia walimu wengi walio na madarasa makubwa na muda mchache, nami ni mmoja wao. Lakini mwongozo ni shahidi, na shahidi huhojiwa. Tunapomwambia mwanafunzi kwamba hoja yake ni mbaya kwa kuwa haimo katika mwongozo, tunamfundisha kile ambacho Sagamoyo ilifundisha raia wake: kwamba jibu hutoka kwa mwenye cheo. Hatuwezi kumfundisha Majoka asubuhi kama mfano wa ubaya, kisha jioni tukamwiga kwa kalamu nyekundu.

Nilimwita msichana yule nikamwomba daftari. Safari hii nililisoma swali lake kabla ya kujibu. Hoja yake kweli ilikuwa na kosa: alidai kwamba njaa ya watoto ni sababu ya haki, lakini hakutaja hata tukio moja la tamthilia kuthibitisha kwamba Ashua alisukumwa na njaa hiyo. Nilimwambia hivyo. Alifikiri kidogo, akasema, "Hilo sasa ni kosa, Mwalimu." Akaketi kwenye dawati la mbele akaanza kuandika upya.

Zoezi

1. Kwa kurejelea Kigogo, onyesha tofauti kati ya kumtilia shaka msemaji na kuipinga hoja yake. (alama 10)
2. Chagua methali mbili zinazopingana. Eleza ni katika mazingira gani kila moja ni hoja, na katika mazingira gani ni kikwazo cha hoja. (alama 10)
3. "Swali likiulizwa kuhusu uongozi hujibiwa kuhusu ukoo." Jadili kauli hii kwa kurejelea Nguu za Jadi. (alama 20)